Breki Kwenye Wadi

Sib, Ijumaa 17 Januari 2025

Mwanangu Taghreed,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hujambo mwanangu? Sisi huku hatujambo, alhamdulillah, ila baridi ya mwaka huu imeniingia magotini na haitaki kutoka. Natumai wewe u mzima na theluji ya huko Vancouver haijakumaliza.

Najua utashangaa. Kwa miaka tisa mimi na wewe tumekuwa watu wa mistari miwili kila Idi, "Idi mubarak" na "Allah akubariki", basi. Leo nna maneno.

Kwanza macho. Nna presha ya macho. Daktari amesema kilichokwisha kufa hakifufuki, kilichobaki tutakilinda kwa matone, na kwa makadirio yake nimebakiwa na mwaka, pengine pungufu. Naona katikati tu, pembeni pameshafungwa. Leseni nimeirudisha mwenyewe kabla ya kunyang'anywa. Mwalimu Mahfoudh, niliyefundisha nusu ya Maskati kurudisha gari nyuma baina ya mapipa bila ya kuyagusa, sasa napelekwa sokoni na dereva wa teksi asiyejua kutoa ishara.

La pili, usicheke. Nimenunua mashine ya gemu, na usukani wake na pedali zake. Vijana hushindana mbio; mie nasimama taa nyekundu na nampisha mwenye haki. Mashine imeniandikia kwamba mimi ni wa mwisho duniani.

Sasa swali. Jirani yetu Asaad anasema picha za mashine hizi siku hizi ni sawasawa na zile filamu za katuni unazotengeneza wewe. Nikamwambia hata kidogo. Jana ndani ya gemu ilinyesha mvua, taa za gari zikamulika lami iliyorowa, na ule mwanga haukuingia majini, ulilala juu tu. Tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Wewe ndiye fundi. Zinalingana au hazilingani?

Ni mimi baba yako,
Mahfoudh


Vancouver, 26 Januari 2025

Baba yangu mpenzi,

Waalaykumu ssalaam. Nakubusu mkono na kichwa. Mimi mzima, theluji imeyeyuka, imebaki mvua isiyokwisha.

Habari ya macho imeniliza. Nililia, kisha nikafika pale uliposema wewe ni wa mwisho duniani, nikacheka na machozi yakiwa bado yanashuka. Unatia matone kwa wakati? Nani anakukumbusha?

Mwambie ammi Asaad kwamba umeshinda, ingawa si kwa mbali. Mie kazi yangu ni mwanga. Wenzangu huchora watu na kuwatembeza, mimi natia jua na taa. Sekunde moja ya filamu ni picha ishirini na nne, na kila picha tunaziachia kompyuta zifuate mwanga ulikopita: umegonga ukuta, umezama majini, umetoka na rangi nyengine. Picha moja yaweza kula saa kumi na mbili, na nimepata kuiona iliyokula thelathini. Picha moja tu, baba. Mashine yako inatakiwa itoe picha sitini ndani ya sekunde moja, na haiwezi kuzitayarisha mapema, maana haijui utakata kona ipi. Inangoja mguu wako. Basi inakisia. Mwaka kwa mwaka inakisia vizuri zaidi, na watu wengi hawatambui. Wewe umetambua kwa jicho linalokufa. Nimewahadithia kazini, wakasema uajiriwe.

Niandikie tena. Nimefurahi mno.

Binti yako,
Taghreed


Sib, Ijumaa 7 Februari 2025

Mwanangu Taghreed,

Assalaam alaykum. U hali gani? Mimi hali yangu ya jana. Matone natia, saa ya simu inanipigia kelele.

Barua yako nimeisoma mara nne kwa kioo cha kukuzia. Uliposema mashine inangoja mguu wangu, hapo nilikaa kitako.

Nakuomba kitu, na ukikataa sitokulaumu. Nitengenezee barabara moja. Ile njia ya chini inayokata wadi, ule mto mkavu, nyuma ya Al Khoudh, kama ilivyokuwa alasiri ile ya Novemba, na mawingu yake na maji yake. Ndiyo, pale alipofia mama yako. Nimeshapapita mara nyingi tangu siku ile na kila mara ni mawe makavu na mbuzi. Sijapata kupaona kama ulivyopaona wewe kwenye usukani. Nataka kupaona kabla macho hayajafunga.

Na sitaki filamu. Naamini filamu ingekuwa nzuri zaidi, ila filamu inakwenda inakotaka yenyewe, na mimi nimekaa kwenye kiti natazama. Nataka ya gemu, hata ikiwa mbaya. Nataka mguu wangu uwe kwenye breki.

Baba yako,
Mahfoudh


Vancouver, 2 Machi 2025

Baba,

Assalaam alaykum. Ramadhani karim, Mungu aikubali saumu yako. Mimi nafunga, siku za huku ni fupi.

Sitoweza. Niombe chengine chochote. Niombe nyumba ya Unguja uliyozaliwa, niombe bustani, nitakaa nayo miaka.

Hujawahi kuniuliza nilichokiona. Nitakwambia mara moja tu. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mama alikuwa ameipakata sufuria ya biriani mapajani, ameifunga kwa kanga isimwagike, na hata gari ilipoanza kuchukuliwa na maji hakuiachia. Nilimwambia, "Mama iache, fungua mlango." Akanambia, "Wageni watakula nini?" Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Wanaume wawili walinitoa kwa dirishani. Yeye walimpata kesho yake.

Unataka nikae na maji yale kila siku, niyatie mwanga?

Taghreed


Sib, Ijumaa 4 Aprili 2025

Mwanangu Taghreed,

Assalaam alaykum. Idi imepita, Mungu akurejeshee kwa kheri. Afya yangu si mbaya. Pembe za karatasi sizioni tena, lakini maneno nayaona.

Mwezi mzima nimekaa na barua yako. Sufuria sikuwa na habari nayo. Sasa na mimi nitasema langu, ambalo wewe unalijua na umeningoja nilitamke.

Siku ile ulinipigia simu ukingoni mwa wadi. Ukaniuliza, "Baba, maji yanapita, nivuke au nizunguke?" Kuzunguka ilikuwa nusu saa. Wageni wetu wa kutoka Unguja walikuwa wameshaketi ukumbini, na chakula mnacho nyinyi. Nikakuuliza, "Maji yamefika kwenye nyekundu ya nguzo?" Ukasema bado, yako kwenye nyeupe. Nikasema, "Basi pita, usichelewe." Nami kwa zaidi ya miaka thelathini nawafundisha watu kwamba nguzo inapima kina tu, kasi haiipimi, na kwamba wadi inayokwenda hupiti hata ikiwa ya kifundo cha mguu.

Kisha katika matanga shangazi yako Ruqaya alisimama mbele ya wanawake akasema wino wa leseni yake haujakauka, kaenda kumuua mamake. Niliyasikia kutoka barazani. Niliinuka. Nikakaa tena. Niliogopa, Taghreed. Niliona nikisema, nitakuwa mwalimu aliyemuua mkewe kwa simu. Nikasema nitawaambia baada ya siku tatu, halafu baada ya arubaini. Kabla ya hiyo arubaini wewe ulikuwa umeshaondoka.

Nisamehe ukiweza.

Baba yako


Vancouver, 20 Aprili 2025

Baba,

Waalaykumu ssalaam. Nashukuru afya yako si mbaya sana.

Ni kweli nilikuwa nakungoja. Kila Idi nilifungua ujumbe wako nikidhani leo atasema. Mwaka wa tatu nikaacha kudhani. Shangazi Ruqaya mpaka leo hapokei simu yangu, na binti zake wamefuata. Harusi ya Maram, mmoja wao, nimeiona pichani, nimeletewa na mtu baki. Wote wanaamini nilijipeleka majini kwa ujeuri wangu.

Umenambia mimi, nami nakushukuru. Lakini mimi nilikuwa najua. Wasiojua ni wao. Unataka breki ndani ya mashine, baba, na breki yako ilikuwa pale barazani, ulipoinuka ukakaa.

Nimeandika kwa hasira na sitaifuta. Pamoja na hayo nitakutengenezea. Usiniulize kwa nini. Pengine kwa sababu hujapata kuniomba kazi yangu, ulikuwa ukisema katuni ni mambo ya watoto. Nitafanya jioni baada ya ofisi. Nipe miezi mitatu.

Taghreed


Sib, Ijumaa 18 Julai 2025

Mwanangu Taghreed,

Assalaam alaykum. Hujambo? Huku joto limetufungia ndani sote, hata Asaad hatoki kubishana.

Miezi mitatu imekatika. Sikuhimizi kwa utovu wa adabu, mwanangu, nakuhimiza kwa kuwa dirisha linafunga. Sasa nautazama uso wa mtu kwa vipande: jicho, halafu mdomo. Gemu la mbio siliwezi tena, magari yananitokea ghafla. Nitumie ulichonacho. Kama maji ni ya rangi moja tu, nitumie. Kama mawe ni maboksi, nitumie.

Na yale uliyoniambia ya barazani sijayasahau. Ruqaya yuko hapa kila Ijumaa. Hula, hunisomea gazeti, huenda zake. Kila Ijumaa naanza kumwambia, simalizi.

Baba yako,
Mahfoudh


Vancouver, 5 Agosti 2025

Baba mpenzi,

Waalaykumu ssalaam. Nakubusu kichwa. Pole kwa joto na pole kwa macho.

Bado kidogo. Njia iko tayari, milima iko tayari, mbingu nimeipata hasa. Maji ndiyo yananishinda. Katika filamu ningeyaachia usiku kucha kompyuta zikanipigia hesabu ya kila tone. Hapa lazima yaende papo kwa papo, na yakienda papo kwa papo yanakuwa uongo. Siwezi kukuletea maji ya uongo, si wewe uliyeona kwamba mwanga umelala juu ya lami.

Na kila nikitaka kuyajaribu inanibidi niingie. Nimeshaingia mara mia nne na kitu. Gari ikigusa maji nimeweka picha izime, yanayofuata sikuyatengeneza. Wala mama sikumweka. Nilijaribu uso wake, ukatoka umekufa. Kiti cha pembeni ni kitupu, niwie radhi.

Wiki sita tu.

Binti yako,
Taghreed


Vancouver, 12 Oktoba 2025

Baba mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai hujambo na barua hii bado unaweza kuisoma. Herufi nimezifanya kubwa.

Gemu nimelituma. Asaad akusaidie kulifungua. Maji si kama ya filamu, ila yanakwenda. Nimechelewa, najua. Kila juma nilisema wiki moja zaidi, yatakuwa mazuri.

Ukifika ukingoni, fanya ulichotaka kufanya.

Binti yako,
Taghreed


Sib, Ijumaa 24 Oktoba 2025

Mwanangu Taghreed,

Assalaam alaykum. U mzima? Mimi mzima wa mwili. Nisamehe makosa ya herufi, nabonyeza kwa kupapasa.

Nimeliona. Nimeliona kwa tundu, lakini nimeliona. Ule mteremko wa mwisho, ukuta wa mawe, nguzo tano za kupimia, nyekundu zote ziko juu ya maji. Ulikuwa mkweli uliponijibu kwenye simu. Nilipofika nilifunga breki. Gari ikasimama. Taghreed, nilidhani nikifunga breki kutatokea kitu. Hakikutokea kitu. Maji yakaendelea kupita mbele yangu na mimi nimekaa, mguu umekaza pedali, mpaka adhana ya alasiri.

Kisha nikasema haya, tugeuze, turudi nyumbani, wageni watakula kwa jirani. Nikakata usukani mpaka mwisho kama ninavyowafundisha wanafunzi. Gari ikageuka vizuri. Na nyuma hapakuwa na kitu, mwanangu. Hapana njia, hapana mlima, hapana Al Khoudh. Kijivu kitupu. Nikadhani ndiyo macho yamekata. Nikamwita Asaad, akasema hata, macho yako salama, ndivyo palivyo.

Imeharibika, au nimekosea kufungua?

Baba yako


Vancouver, 27 Oktoba 2025

Baba yangu,

Assalaam alaykum. Hujakosea, wala haikuharibika. Nimekosea mimi, na ni kosa la watu wa filamu.

Sisi tunajenga kile kinachotazamwa na kamera tu. Nyumba unayoiona kwenye filamu pengine ina ukuta wa mbele peke yake, kwa nini ujenge jiko ikiwa hakuna atakayeingia? Tunajua mapema macho ya mtazamaji yatakwenda wapi. Mtu wa gemu asingefanya hivyo hata siku yake ya kwanza kazini, maana mchezaji hugeuka. Wenzangu niliwaonesha ile kazi, wote watu wa filamu, na hakuna aliyeniuliza nyuma kuna nini.

Uliniuliza Januari kama zinalingana, nikakujibu mambo ya mwanga. Hili ndilo ningekwambia, lakini nilikuwa silijui. Miezi yote nimehangaika na maji yaliyo mbele. Kwa miaka tisa haijanipitikia kwamba gari ile ingeweza kugeuka. Nimelia ofisini leo mbele ya watu.

Nipe nafasi ya wiki tatu. Nitaijenga njia yote, kutoka wadi mpaka mlangoni kwetu Sib. Sitongoja iwe nzuri.

Binti yako,
Taghreed


Vancouver, 17 Novemba 2025

Baba mpenzi,

Assalaam alaykum. Hujambo? Nimeituma leo. Njia ya kurudi ipo yote, mpaka msikitini, mpaka kona ya duka la mkate, mpaka nyumbani. Majumba mengine ni maboksi. Niambie ikikufika.

Taghreed


Vancouver, 3 Desemba 2025

Baba,

Assalaam alaykum. Wiki mbili sijapata neno. Simu inaita tu. Kama nimekuudhi niambie. Kama unaumwa, mtu yeyote aniandikie, hata shangazi.

Mwanao,
Taghreed


Sib, Ijumaa 12 Desemba 2025

Mwanangu Taghreed,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Usihangaike, mimi mzima. Macho ndiyo yamekwisha. Yalifunga tarehe kumi na tano ya Novemba, baina ya adhuhuri na alasiri, bila ya maumivu. Kazi yako ya pili ikafika siku mbili baadaye. Simu niliiacha iite kwa kuwa sikujua nikwambie vipi kwamba umechelewa kwa siku mbili.

Mwandiko huu unaujua. Ni wa shangazi yako Ruqaya. Mimi nasema, yeye anaandika neno kwa neno, na nimemwapisha asipunguze.

Ijumaa iliyopita nilimwambia anikalishe mbele ya mashine na awe macho yangu. Tumeanzia njia ile ya Al Khoudh. Yeye maisha yake hajashika usukani, anakwambia "kata huku" na huku hakuna, tukaupanda ukuta mara tatu. Tulicheka, usidhani hatukucheka. Kisha akasema, "Mbele kuna maji." Nikafunga breki. Akangoja. Akauliza, "Mbona umesimama, si maji yako chini ya nyekundu? Pita basi."

Nikamwambia, "Na mie ndivyo nilivyomwambia Taghreed."

Hakunifahamu. Nikamweleza yote: simu, wageni, biriani, na baraza niliyoinuka nikakaa. Halafu alisema, "Mahfoudh, miaka kumi umeniachia nimle nyama mtoto wa watu kwa ulimi." Ni kweli. Leo baada ya sala amewakusanya wote, mwanawe Thani na mkewe, Maram na dada zake, hata Asaad, na mimi nimesimama, nimesema, na safari hii sikukaa. Maram alitoka nje. Thani hajanisemesha. Haki yao.

Ruqaya anataka kuongeza la kwake hapa. Nimemkatalia, barua hii yangu, yeye aandike yake. Analia, ndiyo maana karatasi imerowa.

Sikwambii njoo. Uso wa kukwambia njoo sina. Nakwambia tu jina lako huku limesafika, ukitaka kulitumia. Na kama njia uliyoijenga ya kurudi imefanana na filamu au haikufanana, sijui, wala hakuna anayejua. Hatujaipita. Siku ile sikuweza tena kugeuza. Gari iko pale pale ukingoni, maji yanakwenda, na mashine inawaka mpaka leo, kwa kuwa mimi siioni na Ruqaya hajui kuizima.

Ni mimi baba yako,
Mahfoudh